Jibu: Wanasoma vizuri, ukifungua mjadala kimya

Habari za leo, dada. Umesema watoto wa hapo mtaani kwako Mbagala wanapokezana kusoma kitabu cha sayansi bila shida, ila ukiwauliza maoni yao wote wanainamisha vichwa.

Kwanza angalia lugha ya kitabu. Shule nyingi za serikali zinafundisha sayansi ya msingi kwa Kiswahili. Ukiwapa cha Kiingereza watatamka tu, maana imewapita. Halafu gawa kundi, wanne wanne. Zaidi ya hapo mwenye mdomo anaongea kwa niaba ya wote.

Swali litangulie kitabu. Kundi langu la Kigamboni niliwauliza kwa nini bamvua, yaani bahari kujaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Mtoto wa mvuvi akasema mwezi unavuta maji. Mwenzake akambishia: "Mbona mwandamo hauonekani na maji yanajaa vilevile?" Mimi kimya. Wakagombania kitabu hadi walipokuta mchoro wa jua, mwezi na dunia kwenye mstari mmoja, na ubishi ukaanza upya!

Vitabu vikiadimika, wapeleke Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi, mjini Dar es Salaam, kuna sehemu ya watoto.