Jibu: Damu ya O hasi na mimba ya pili

Dadangu wa Likoni, wauliza kwa nini kliniki wanakuhimiza sindano ya anti-D ilhali kifunguamimba wako alizaliwa mzima. Hapo ndipo penyewe. Wewe ni Rh hasi, yaani chembe zako nyekundu hazina alama iitwayo Rh; mumeo ni chanya, anayo, na mtoto aweza kurithi ya babake. Wakati wa kujifungua, damu kidogo ya mtoto hupenya kwako. Kinga yako huiona ngeni, ikatengeneza kingamwili, askari wa kuishambulia. Wa kwanza keshatoka, hadhuriki. Wa pili, akiwa chanya, ndiye hukutana nazo: zinapita kwenye kondo la nyuma na kuvunja chembe zake nyekundu, akaishiwa damu tumboni, au akazaliwa na manjano makali.

Anti-D huiondoa damu hiyo kabla kinga haijatengeneza kingamwili. Kawaida hudungwa wiki ya 28, kisha ndani ya saa 72 baada ya kuzaa mtoto akiwa chanya. Hata mimba ikitoka, uliza. Ila kingamwili zikishakuwapo haisaidii tena, kwa hivyo omba kwanza kipimo cha Coombs, cha damu kinachoonyesha kama unazo, na utazame kitabu chako cha kliniki kama ulidungwa mara ile. Tafadhali iulizie mapema. Usingoje uchungu ukushike ndipo mzee aanze kuzunguka maduka ya dawa Mwembe Tayari usiku.