Maswali ya wasomaji: Nimekwama kwenye merikebu za Iliadi

SWALI: Iliadi ya Homer, shairi la kale la Kigiriki juu ya vita vya Wagiriki na mji wa Troy, inasifiwa miaka nenda miaka rudi. Nimeianza, nikakwama kitabu cha 2 kwenye orodha ya merikebu isiyokwisha. Watu wanapenda nini humo, nami nifanyeje niimalize?

JIBU: Wengi hukwama hapo hapo. Karibu theluthi ya kitabu hicho hutaja vikosi vya Wagiriki kimoja baada ya kingine, pamoja na viongozi wao na miji walikotoka. Merikebu peke yake ni 1,186. Iruke bila wasiwasi, kisa hakipo hapo.

Shairi lina vitabu 24, mistari zaidi ya 15,000. Soma kwanza cha 1, ambapo Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, anamnyang'anya Achilles, shujaa wao mkubwa, mateka wake Briseis, naye Achilles anasusa vita. Kisha nenda 6, 9, 16, 18, 22 na 24. Uzi ukishaushika, rudi mwanzo usome vyote. Kila kitabu kimalize kwa mkao mmoja, na ukiweza soma kwa sauti, maana shairi hili lilitungwa lisikilizwe, kama utenzi. Marudio kama "Achilles mwepesi wa miguu" yasikuchoshe. Ni vifungu vilivyokwisha kupimwa, vilivyomwezesha mwimbaji kutimiza mstari papo kwa papo. Tafsiri inayoyafyeka huua mwendo wa shairi, kwa hiyo iepuke.

Kinachowashika watu ni jinsi Homer, akiwaimbia Wagiriki, anavyotuingiza nyumbani kwa adui. Katika kitabu cha 6 Hector, shujaa wa Troy, anamnyoshea mikono mwanawe mchanga, mtoto anapiga kelele kwa kuogopa kofia ya shaba yenye shungi la singa za farasi. Wazazi wanacheka. Hector anaivua, anaiweka chini, ndipo anambusu na kumrusharusha. Muda mfupi kabla ya hapo amemwambia mkewe kwamba Troy itaanguka.

Kitabu cha 24 kinazidi hapo. Mzee Priam, mfalme wa Troy, anaingia usiku kwa Achilles kuomba maiti ya mwanawe Hector, anapiga magoti na kuibusu mikono iliyomuua Hector na wanawe wengine. Wote wawili wanalia, Achilles akimkumbuka baba yake. Lakini tazama anavyoamuru maiti ya Hector ioshwe kando, Priam asiione: mzee akishindwa kuizuia hasira yake, Achilles naye anaweza kupandwa na ghadhabu akamuua. Huruma imeingia, hasira haijatoka, na Homer haoni haya kuziacha zote mbili ndani ya mtu mmoja.

SWALI: Nimefika mwisho, farasi wa mbao ambaye Wagiriki walijificha ndani yake ili waingie Troy simwoni. Nakala yangu imekatwa?

JIBU: Haijakatwa. Iliadi inasimulia majuma machache tu ya mwaka wa kumi wa vita, na inaishia kwenye mazishi ya Hector. Hata kifo cha Achilles kinatabiriwa tu. Habari za farasi utazipata kwa ufupi katika Odisea, shairi lingine la Homer, kitabu cha 8, na kwa urefu katika kitabu cha 2 cha Eneidi, shairi la Virgil, Mrumi aliyekuja karne nyingi baadaye.