Dokta unayetaka kuacha wodi uingie kwenye sera, soma hii kwanza

Juzi nimepata meseji ya dokta mmoja kijana, kamaliza intaneshipu mwaka jana. "Shikamoo dokta, nimechoka wodi, nataka kuingia kwenye utafiti na sera za magonjwa yasiyoambukiza kama wewe, naanzia wapi, na mshahara ukoje?" Nikacheka nikaweka simu chini. Hiyo "kama wewe" ilinigusa pabaya.

Na mimi nilianza hivyohivyo mdogo wangu, kwa kuchoka. Hospitali ya mkoa, zamu ya usiku, analetwa mama wa kama miaka hamsini na bajaji, mdomo umepinda, mkono wa kulia hauinuki, presha 220 kwa 130. Binti yake ananiambia dawa alikuwa nazo, kanywa mwezi mmoja, akaenda kupima duka la dawa akaambiwa imeshuka, akaacha maana "amepona". Wiki ileile wakaja wengine watatu, stori ni moja. Nikajisemea hapa kila siku tunajenga ukuta na ufa tulishauona.

Nikaenda kusoma masta ya afya ya jamii (hii miaka miwili nairuka, ilikuwa takwimu, usingizi na madeni tu), nikaingia kwenye timu ya kupima watu kaya kwa kaya. Unamwomba mtu akae atulie dakika 15, unamfunga mkanda wa presha, unapima mara tatu, ya kwanza unaitupa, mbili za mwisho ndo unachukua wastani wake. Sasa jaribu kumwambia mzee aliyetoka shamba akae dakika 15 bila kufanya kitu huku ng'ombe wanamsubiri. Kuna nyumba walitufungia mlango wakijua tunanyonya damu. Mzee mmoja akauliza, "Mnapima ngoma?" Nikamwambia hapana mzee, presha na sukari. Akacheka sana. "Hayo si ya matajiri hayo?" Yake ilikuwa 190 na ushee, na hajui.

Na wala sio yeye peke yake. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulionyesha watu wa miaka 25 mpaka 64 hapa Tanzania, asilimia 25.9 walikuwa na presha ya juu, yaani kama mtu mmoja kwenye kila wanne, na asilimia 9.1 walikuwa na kisukari. Mimi nikajua namba kama hizo zikifika mezani basi, kazi imeisha.

Wee! Nikaitwa kwenye kikao cha halmashauri fulani, nina slaidi arobaini, suti nimeazima. Slaidi ya kumi na moja bosi mmoja akanyanyua mkono. "Dokta, takwimu nzuri. Sasa unataka tufanye nini, na ni shilingi ngapi?" Nikaanza kueleza tena ukubwa wa tatizo, akanikata, "Shilingi ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilijikanyaga pale mpaka chai ikaja.

Nilirudi nikakaa na mfamasia wa wilaya siku tatu. Mgonjwa mmoja kidonge kimoja kwa siku ni 365 kwa mwaka, wagonjwa 400 ni vidonge 146,000, hapo hujagusa wa dawa mbili, hujagusa zahanati ambazo kipimo cha presha kimekufa betri tangu mwaka juzi na hakuna aliyeandika barua. Yote hayo tukayaweka kwenye karatasi moja tu, nikairudisha halmashauri. Mwaka uliofuata kwenye bajeti yao kukawa na mstari wa vipimo na dawa, mdogo, lakini upo, na ninajivunia kuliko cheti chochote.

Kwa hiyo ushauri: jifunze gharama. Usiende kwa mkurugenzi bila gharama. Narudia, gharama.

Jambo lingine linaniuma mpaka leo. Data nilizokusanya na miguu yangu zilitoka kwenye jarida, mkubwa mmoja jina lake mbele, langu liko kwenye shukrani, tena limekosewa herufi. Makubaliano ya majina andikeni mapema, kabla hamjapima mtu wa kwanza, na usione aibu kuuliza, maana mkubwa wako haoni aibu. Vijana mnaogopa sana wakubwa! Halafu mnakuja kulia inboksi.

Na kliniki usiiache kabisa. Mimi Alhamisi bado naona wagonjwa, tena ni mmoja wao aliyenifundisha kwamba ukimwambia mtu "punguza chumvi" anapunguza ya kupikia, halafu anaongeza mezani. Ile gramu 5 za chumvi kwa siku ambazo WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema usizifikishe, ni kama kijiko kimoja cha chai, sasa mwonyeshe hicho kijiko, usimtajie gramu.

Kuhusu mshahara uliouliza, hilo nitakujibu inboksi, hapa mke wangu anasoma.