Kutoka St Vincent hadi Grenada kwa Tanga

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama likizo ya mwisho wa mwaka humfaa zaidi msafiri akitulia mahali pamoja au akihama kila baada ya siku mbili tatu. Jibu langu ni kwamba ahame, mradi ahame kwa tanga, kwa sababu msafiri wa tanga huondoka upepo unaporuhusu, na upepo ukimkatalia atatulia hata kama hakukusudia. Hayo niliyajua mwishoni mwa mwaka 2023, nilipotoka Toronto ninakofanya kazi pamoja na marafiki wanne, tukakodi mashua ya matanga ya futi 42 na nahodha mwenyeji wa kisiwa cha Bequia, tukashuka visiwa vya Grenadines katika Karibi kuanzia tarehe 16 Desemba hadi tarehe 2 Januari. Tulikuwa tumepanga visiwa tisa. Tulikanyaga sita.

Nianze na mwelekeo wa safari, maana hapo ndipo wengi hukosea. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi la kuchukua boriti, kwa hiyo Desemba kwangu ni mwezi wa kaskazi. Nilipofika St Vincent na kukuta upepo unatoka upande ule ule wa kaskazini-mashariki, nilidhani nipo nyumbani. Nahodha wetu alinisahihisha kwa upole. Kaskazi yetu huja na kuondoka. Ikifika Aprili humpisha kusi, na majahazi yaliyoteremka kutoka Arabuni hupata upepo wa kuyarudisha kwao. Karibi haina kusi. Huko upepo hutoka upande wa mashariki mwaka mzima, ukizidi na kupungua tu, na aliyeshuka nao hana mwingine wa kumrudisha. Kwa kuwa visiwa hivi vimejipanga kutoka St Vincent kuelekea kusini-magharibi hadi Grenada, anayeshuka huupata upepo ubavuni au nyuma kidogo ya ubavu, ilhali anayepanda hulazimika kupiga bisho, yaani kwenda mshazari huku na huku dhidi ya upepo, siku nzima, huku mkondo nao ukimsukuma magharibi. Kwa hiyo anzeni kaskazini, hata kama mwenye chombo atawatoza zaidi kwa kukiacha Grenada.

Jambo la pili ni kwamba Desemba si mwezi wa bahari tulivu. Ni kweli kwamba msimu wa vimbunga, unaohesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Novemba, huwa umekwisha. Lakini kuanzia katikati ya Desemba mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Atlantiki huongezeka nguvu, na ule upepo wa mashariki hukazana hadi noti (maili za baharini kwa saa) 25 au 30 kwa siku kadhaa mfululizo. Wenyeji huuita upepo wa Krismasi.

Huko St Vincent tulikaa siku mbili, na sijuti. Tulifika siku ile ile zilipoanza Asubuhi Tisa, desturi ya watu wa kisiwa hicho ya kuamka kabla ya alfajiri kwa siku tisa kabla ya Krismasi, wakatembea mitaani, wakaimba, wakacheza na wengine wakaoga baharini kungali giza. Kisha tukavuka mlango wa bahari hadi Bequia, tukatia nanga katika ghuba ya Admiralty, iliyo upande wa magharibi, au kama wangesema mabaharia wa kwetu, upande wa demanini, ambako kisiwa chenyewe hukinga upepo. Mustique na Canouan tuliviona kwa mbali tu.

Tarehe 23 tuliingia Tobago Cays, visiwa vitano vidogo visivyo na wakazi, vilivyozungukwa upande wa mashariki na mwamba wa matumbawe wenye umbo la kwato ya farasi. Nahodha alisubiri jua lipande ndipo akaingia, akasimama omo, mbele ya chombo, na kusoma rangi ya maji: kahawia ni matumbawe, kijani hafifu ni mchanga, buluu ni kina. Hivyo ndivyo baba yangu alivyofanya. Kilichonishangaza ni maji yenyewe. Mtu wa pwani yetu amezoea bamvua, bahari ikitoka na kurudi kwa kimo cha mita tatu au zaidi, na chombo kikipanda fungu hungoja maji yajae. Katika Grenadines tofauti ya maji kupwa na kujaa ni kama nusu mita tu, kwa hiyo aliyekwama juu ya mwamba asitegemee kuokolewa na maji.

Tulikusudia kulala hapo usiku mmoja. Upepo wa Krismasi ukaanza jioni hiyo, na tukakaa hadi tarehe 27. Mwamba ule huvunja mawimbi lakini haukingi upepo, na mashariki yake hakuna nchi kavu mpaka pwani ya Afrika. Usiku wa pili nanga ilianza kuburura. Tuliamka wote, tukaitia upya kwa mnyororo mrefu zaidi, kisha tukalala kwa zamu. Mchana tuliogelea kando ya kisiwa cha Baradal, ambako kasa huja kula majani ya baharini, na siku ya Krismasi vijana wa visiwa jirani vya Union na Mayreau walitufikia kwa mashua zao wakituletea mkate na kamba-koche, wamelowa chapachapa. Nimekwenda likizo nyingi za hoteli, na hakuna siku nne ninazozikumbuka saa kwa saa kama hizo.

Kuhusu urasimu nitasema machache. St Vincent na Grenada ni nchi mbili, kwa hiyo tuligonga pasipoti na kukamilisha ushuru wa forodha Clifton, katika kisiwa cha Union, kisha tukapandisha bendera ya njano, ishara ya chombo kinachoomba ruhusa ya kuingia nchini, tulipoingia maji ya Grenada hadi tulipopokelewa katika kisiwa chake cha Carriacou. Kati ya Carriacou na Grenada, kilomita nane hivi kabla ya kuifikia Grenada, kuna volkano chini ya bahari iitwayo Kick 'em Jenny, na vyombo hutakiwa kukaa mbali nayo angalau kilomita moja na nusu. Tulifanya hivyo.

Carriacou ndipo nilipotamani baba angekuwepo. Katika kijiji cha Windward mafundi huunda vyombo vya mbao ufukweni bila michoro, kwa jicho tu, ufundi walioupokea kutoka kwa wahenga wao, wakiwemo mafundi wa Kiskoti. Mataruma yao, yaani mbavu za chombo, hutokana na matawi yaliyojipinda yenyewe, na fundi huingia msituni kuutafuta mti wenye mpindo anaoutaka, jambo ambalo mafundi wa majahazi wa Matondoni, kule kwetu Lamu, wangelielewa bila mkalimani. Chombo kikishushwa majini hutanguliwa na sadaka ya mbuzi au kondoo. Desemba hiyo hiyo UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nilikaa hapo siku tatu nzima nikiwasaidia kushika mbao.

Miezi sita baadaye, tarehe 1 Julai 2024, kimbunga Beryl kilitua juu ya Carriacou kikiwa cha daraja la nne. Kiliezua na kubomoa sehemu kubwa mno ya nyumba za Carriacou, Petite Martinique na Union, na mikoko ya ghuba ya Tyrrel huko Carriacou, ambako vyombo vilikuwa vimekimbilia hifadhi, ilibaki mifupa mitupu. Wasomaji wanaofikiria kwenda huko wasiviepuke visiwa hivyo kwa ajili ya jambo hilo. Watie nanga hapo, wanunue samaki kwa wale vijana wa mashua, wakodi nahodha mwenyeji, na fedha yao itaishia mikononi mwa anayejenga paa lake.

Sisi tumekwisha kukodi tena, kutoka kaskazini kwenda kusini kama mara ile. Safari hii tumeandika visiwa vitatu tu, na siku nyingi kabisa tumeiachia Carriacou.

Msomaji wenu, Toronto