Muulize Bwana Shamba: Tukizidi, udongo utaisha?

Swali: Bwana Shamba, salamu. Marehemu mzee wetu aliacha ekari mbili, wanawe watano wakagawana. Juzi binti yangu wa kidato cha tatu amerudi akisema mwalimu wa jiografia amewafundisha kwamba watu wakizidi ardhi inakufa, kwa hiyo yeye hatazaa kamwe. Nimekosa la kumjibu. — Mama Neema, Vihiga

Jibu: Salamu, Mama Neema. Kuzaa au kutozaa ni shauri lake, mimi simo. La udongo ndilo langu.

Fundisho hilo ni kongwe. Kasisi Mwingereza, Malthus, aliliandika mwaka 1798: midomo huongezeka upesi kuliko chakula. Miaka ya 1930 wakoloni waliyatazama makorongo ya Machakos wakasema Wakamba wamezidi, wao na ng'ombe wao. Mwaka 1938 wakaanza kuchukua mifugo kwa nguvu, hadi Muindi Mbingu akaongoza umati kwenda Nairobi kudai ng'ombe wao. Wilaya nzima wakati huo ilikuwa na watu wapatao 240,000. Kufikia 1989 walikuwa kama milioni 1.4. Kwa hesabu ya mwalimu, pangekuwa jangwa.

Mimi nilipelekwa Kangundo, huko huko Machakos, mwaka 1983, kijana mwenye cheti kipya, vijiti viwili, uzi na pimamaji. Nikakuta kilima kizima kimekatwa ngazi. Kina mama kumi na wawili wa mwethya, kikundi cha Wakamba cha kusaidiana kazi, walikuwa wakichimba fanya juu: udongo wa mtaro unatupwa upande wa juu, ukingoni yanapandwa majani ya nepia, na baada ya misimu kadhaa ya mvua shamba linajilaza lenyewe. Nikamsahihisha kiongozi wao, eti mstari wake umepinda. Akaning'oa vijiti? La, aliniacha nimalize. Kisha akamimina debe la maji kwenye mstari wangu, na maji yakanikimbilia viatuni. Tukachimba wake.

Kazi ile jembe moja haliiwezi. Mchumi wa Denmark, Ester Boserup, alisema mwaka 1965 kwamba watu wakibanana ndipo hubadili ukulima wao, na mimi namwamini kwa sababu nilishuka pia kule bondeni kwenye ardhi tele. Hakuna aliyechimba mtaro. Shamba likichoka, mtu alisogea mbele.

Lakini mikono peke yake isingetosha. Machakos ilikuwa na Nairobi jirani ya kununua mazao, kahawa ililipa, mishahara ya vijana wa mjini ilinunua plau, na kila mtu alijua mpaka wake. Bila hayo, wangebanana tu.

Sasa kwenu. Ekari mbili kwa watano ni chini ya nusu ekari kila mmoja, na sitakudanganya: mahindi hapo hayafiki mwaka. Achana nayo. Fuga ng'ombe mmoja wa kufungiwa, samadi yake iingie kwenye mboga za saga na mrenda, upeleke soko la Luanda hapo Vihiga. Mipaka baina ya ndugu iandikwe mapema, maana hakuna anayechimba mtaro kwenye kipande atakachonyang'anywa kesho.

Na binti mnunulie pimamaji. Apime mteremko wa nyuma ya nyumba kabla ya mvua za Machi, amwage na debe la maji. Akikwama, aniandikie mwenyewe.