Kabla ya kwenda Shela na mwenzio, tazama mwezi

Mwaka jana, baada ya Idi, niligundua kwamba mimi na mume wangu hatuna tena mazungumzo. Maneno yapo: ada ya shule, mtungi wa gesi, nani atamchukua mtoto madrasa, mzigo wa dukani umefika au bado. Lakini mazungumzo hapana. Hatukuwa na ugomvi, ila uchovu wa miaka tisa na watoto wawili. Dada yangu aliona usoni mwangu akaniambia, "Niletee watoto Alhamisi jioni, uje uwachukue Jumatatu." Ndipo tukatoka Malindi alfajiri ya Ijumaa kwenda Lamu, na kule Lamu tukachagua Shela.

Kwa barabara mnapita Garsen na Witu hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kisha boti hadi kisiwani. Safirini mchana, wekeni vitambulisho karibu kwa sababu vizuizi vya polisi vipo, na siku moja kabla waulizeni wakata tiketi hali ya njia. Wenye uwezo wa ndege hushuka kisiwani Manda, ng'ambo tu ya mji. Basi linachosha, lakini mkishaingia botini Mokowe, mikoko kushoto na kulia, mabega yanashuka yenyewe.

Kwa nini Shela, na si Lamu mjini? Mji wa Lamu naupenda sana, na ukiwa na saa chache upite uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, ule viazi vya karai na mishkaki jioni, unywe kahawa chungu kwenye baraza. Ila mji una shughuli zake, na vichochoro vya mtaa wa Langoni havina subira na watu wawili wanaotembea wameshikana mikono. Punda wa mizigo anakuja, lazima mmoja apishe. Shela ni kilomita tatu hivi kutoka mjini, kijiji kidogo cha mchanga na nyumba nyeupe, na baada ya magharibi kimya chake unakisikia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikuambiwa na yeyote. Sisi tulichagua tarehe kwa kalenda ya duka. Ninyi chagueni kwa mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana: yanakupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Hizo ndizo siku za wawili. Asubuhi mnatembea juu ya mchanga mtupu kutoka Shela hadi mjini bila kukodi boti, na alasiri maji yamejaa chini ya kuta, mnaogelea, kisha mnapanda mashua jua likizama. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: maji yanajaa asubuhi, na alasiri, saa ile hasa mnayotaka kuingia baharini, yamekupwa.

Sisi tuliangukia maji mafu. Jumamosi tukakodi mashua kwenda Takwa, magofu yaliyoko Manda. Mji ule ulikuwa na watu karne ya 15 hadi ya 17, na wazee wa Shela husimulia kwamba asili yao ni huko. Msikiti ungali umesimama, na juu ya ukuta wa kibla pana nguzo ambayo sijaona mfano wake msikiti mwingine. Njia ya kuingia ni mkono mwembamba wa bahari katikati ya mikoko, na unapitika maji yakijaa tu. Nahodha alituambia mapema, "Saa moja, ndugu zangu, basi. Maji hayatangoja." Tukaitikia, kisha tukakaa chini ya mbuyu kwa muda wa karibu saa tatu.

Tuliporudi, mashua ilikuwa imelala ubavu juu ya matope. Saa saba na nusu mchana, na maji yangerudi usiku. Nahodha hakutulaumu. Alifunga tanga likawa kivuli, akawasha jiko la makaa, akatuchomea samaki wawili aina ya changu kwa ndimu na chumvi, kisha akalala usingizi upande wake. Sisi tukabaki na kaa wakitoka mashimoni. Simu hazikushika mtandao.

Kwa muda mrefu hatukusema kitu. Halafu mume wangu, bila kunitazama, akaniambia kwamba tangu mamake afariki hajalala usiku mzima hata mara moja. Miezi kumi na minne. Anaamka saa nane, anakaa ukingoni mwa kitanda, anasubiri adhana. Kitanda ni kimoja, na mimi sikujua. Nilidhani ameniwekea kinyongo. Tulizungumza hadi nyota zikatoka, na mashua ilipoanza kutikisika chini yetu nilisikitika kwamba inaondoka.

Hata hivyo simshauri mtu akwame Takwa. Chukueni maji ya kunywa mengi kuliko mnavyodhani, mtii nahodha, na kabla ya kupanda mkubaliane bei ni ya nini: ni mashua peke yake, au na samaki, wali wa nazi na makaa?

Nyumba ya kulala, ombeni chumba cha juu, karibu na dari ya makuti. Upepo uko huko. Nyumba nyingi za kupangisha zina mpishi. Mwambieni asubuhi mnachotaka kula naye ataleta kilichovuliwa siku hiyo. Kwangu mimi kule kukalia baraza nikisikia mtu mwingine akikuna nazi kulikuwa nusu ya mapumziko.

Miezi ya kusi, upepo wa kusini, hasa Juni hadi Agosti, upepo huo hurusha mchanga hadi machoni na bahari huchafuka. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ni shwari lakini Desemba wageni wamejaa. Mimi ningeenda tanga mbili, Oktoba au Novemba mwanzoni, pepo zikiwa zinabadilishana.

Ufuo wa Shela ni mrefu, kama kilomita kumi na mbili, na hauna kivuli. Msiende mbali mno wala usiku, na mkiona mawimbi makubwa huko mbele kusiko na mwamba wa kuyazuia, rudini kuogea karibu na kijiji. Mbele ya nyumba za watu ogeleeni kwa heshima. Mimi niliingia na dera langu na nikastarehe. Vile vilima vya mchanga nyuma ya ufuo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ambayo kisiwa kinakunywa, basi msiache hata mfuko mmoja wa takataka pale.

Tulirudi Jumatatu kwa basi la mapema. Mume wangu alilala begani kwangu kutoka Witu hadi tukaingia Malindi, na nilimwacha hivyo mkono wangu ukafa ganzi. Mwaka huu tumeshatazama mwezi. Dada yangu ameshaambiwa tarehe.