Kampuni ya tabuleti ikifa, sisi tulionunua tunabaki na nini

Mwalimu, swali lako nimelisoma vizuri. Shule yenu hapo Mbale ilinunua tabuleti za watoto, sasa mmesikia kampuni iliyozitengeneza inafunga na wazazi wanauliza kama zitazima zote. Mimi ni fundi wa simu na tabuleti huku Malaba, hizi vitu nazifungua kila siku, acha nikujibu kwa urefu maana jambo lenyewe limeumiza watu wengi na mara nyingi lilikuwa linazuilika.

Tabuleti haizimi siku ile kampuni inafunga. Kinachokufa ni vile vitu ambavyo ilikuwa inavifuata kwa kampuni kupitia intaneti: akaunti, apdeti, masomo yaliyo kwa seva yao, yaani kompyuta za kampuni zilizo mbali, saa zingine hata ruhusa ya kuwaka. Kwa hivo cha kuuliza leo, kabla hawajazima, ni hii tabuleti inahitaji nini kutoka kwao ndio ifanye kazi.

Nikupe mfano. Shule zilipofungwa wakati wa korona, kuanzia Machi 2020 mpaka Januari 2022, wazazi wengi huku walijinyima wakanunulia watoto tabuleti za masomo. Kuna aina moja, jina naliacha, ilikuja na masomo ya praimari ndani, lakini ukiiwasha mara ya kwanza inakuomba namba halafu inaenda kuuliza seva ya kampuni kama hiyo namba ni halali. Baadaye kampuni ikapotea, simu hawashiki. Zile zilizokuwa zimeshawashwa ziliendelea vizuri tu. Sasa kuna mama mmoja anauza matoke hapa karibu na stendi, ya kwake ilikuwa imejaa na nzito, mtu akamshauri airiseti, yaani aifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani, akairiseti. Akaniletea. Inawaka, inaonyesha nembo, inafika pale pa kuandika namba, ukiandika kaduara kanazunguka weee halafu inakuambia hakuna mtandao, na mtandao upo, nilikuwa nimeiunganisha na simu yangu hapo mezani. Kioo hakina hata mkwaruzo, betri inakaa siku nzima, na bado haiingii ndani. Iliniuma sana, ile pesa najua alivyoitafuta.

Na msidhani ni kampuni ndogo tu. HP ya Marekani ilitoa tabuleti yake ya TouchPad Julai 2011, baada ya wiki saba hivi ikatangaza inaachana nayo, bei ikaanguka mpaka dola 99 watu wakapigana kuinunua. HP yenyewe haikufilisika lakini kwa mwenye tabuleti ni yale yale, na Januari 15, 2015 wakazima seva za akaunti. Kilichowaokoa wengi ni wajuzi wa mitandaoni walioitengenezea Android yake, ile programu ya kuiendesha tabuleti, wakaiita CyanogenMod, tabuleti ikaishi miaka mingi kuliko mradi wa kampuni. BlackBerry nayo ilizima huduma za vifaa vyake vya zamani Januari 4, 2022, tabuleti yake ya PlayBook ikiwemo.

Upande wa spea mimi sina wasiwasi sana, hasa kwa hizi za inchi saba za bei ya chini, kwa sababu viwanda vya China vinatumia vipande vile vile kwa majina tofauti tofauti. Kioo cha juu kikipasuka usitafute kwa jina la kampuni. Fungua, angalia ule utepe mwembamba unaoingia kwa bodi, kuna namba ndefu imechapishwa pale, hiyo namba ndio unaenda nayo Kampala pale Mutaasa Kafeero, jengo la maduka ya simu, wanakutafutia inayolingana. Betri pia, ukiona imeandikwa 3070100 ujue ni unene milimita 3, upana 70, urefu 100, fundi akikupatia nyingine inayoingia hapo yenye volti sawa anaiunga vizuri, na ile ya zamani ikianza kufura msiendelee kuichaji, itoeni haraka. Tabuleti za majina makubwa ndio ngumu, kila kitu ni chao peke yao.

Kuhusu waranti, msikubali duka liwaambie kampuni imekufa basi hakuna la kufanya. Sheria yetu ya Uganda ya 2017 ya uuzaji wa bidhaa inambana aliyekuuzia kwamba kitu kiwe na ubora unaokubalika, kwa hivo tunzeni risiti. Lakini kama kuna pesa mlilipa mapema kwa kampuni yenyewe na tabuleti hamjapewa, hapo ni kugumu. Kampuni ikifilisika wenye dhamana, yaani walioikopesha wakashika mali yake kama rehani, wafanyakazi na kodi wanatangulia, mnunuzi yuko nyuma kabisa kwa foleni. Jolla ya Finland ilichangisha pesa za tabuleti kwa watu mwaka 2014, mwaka uliofuata ikaishiwa, wengi hawakuiona hiyo tabuleti mpaka leo.

Sasa nyinyi wiki hii fanyeni hivi. Hakuna mtu kuriseti hata moja, ikijaa futeni mafaili kwa mkono. Masomo yote yanayokubali kushushwa yashusheni, mkopi kwa memori kadi na kwa kompyuta ya shule. Halafu tabuleti za shule mara nyingi zina kufuli la msimamizi, waombeni kampuni nywila yake na waitoe hiyo kufuli kabisa wakati bado kuna mtu ofisini wa kujibu barua, mkiweza mfike wenyewe. Zimeni wifi kwa tabuleti moja, izimeni muiwashe upya, mjaribu kufungua masomo. Yakifunguka, mko salama kwa sehemu kubwa. Akaunti ya Google hiyo ni ya Google, haifi na kampuni, ila hakikisheni nywila yake iko kwa shule na sio kwa kichwa cha mwalimu mmoja aliyehama.

Na kwa vile apdeti za usalama hazitakuja tena, hizo tabuleti zibaki za kusoma tu, mobile money na mambo ya benki msiweke humo.

Nitumie picha ya mgongo wake na ya pale pameandikwa toleo la Android nikuangalizie kama kuna Android nyingine inakubali kuingia, na kama kuna iliyopasuka unitumie pia namba ya utepe.